Dawa ya siku usiyoumwa: pumu na ile inhela ya kila asubuhi

Mjomba wangu anauza vitambaa sokoni Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na pumu amekua nayo tangu utotoni. Mwaka jana alilazwa mara mbili ndani ya miezi minne. Mara ya pili alitoka wodini na inhela mbili, yaani vikopo vya dawa ya kuvuta kwa mdomo: ile ya bluu aliyoizoea miaka yote, na nyingine ya kahawia ambayo hakuwahi kuishika. Wiki haijaisha, simu yangu ikalia saa nane usiku.

"Mjomba, hii ya kahawia ni bure," aliniambia, akivuta pumzi kati ya neno na neno. "Nimeivuta mara sita, kifua ni kile kile. Ya bluu nimevuta mara mbili tu, kimefunguka."

Asubuhi ile ya kahawia ikaingia kwenye kasha la vipande vya vitambaa, ikakaa humo.

Alichokiona mjomba ni kweli. Dawa ya kahawia haifungui kifua saa nane usiku, na haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kosa ni la aliyempa bila kukaa naye dakika tatu akamweleza kwamba inhela zile mbili hazifanyi kazi moja. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza watu wanavyoizungumzia pumu, na karibu kila mgonjwa ninayemjua hapa Uganda amewahi kuambiwa "hii utavuta kila siku", akatoka kliniki na swali ambalo hakuliuliza: kila siku ya nini, na leo siumwi?

Kidonda kisichoonekana

Pumu, ambayo wengi wetu hapa tunaiita asima, ni ugonjwa wa mirija ya hewa. Hewa ikishapita kooni huingia katika bomba moja kubwa. Bomba hilo hugawanyika mawili, moja kwa kila pafu, kisha huendelea kugawanyika kama matawi ya mwembe mpaka kwenye vijirija vyembamba sana. Kwa mwenye pumu, ngozi ya ndani ya mirija hiyo imevimba na kuwa nyekundu, kama koo la mtu mwenye tonsili. Uvimbe huo haungoji usiku wa kubanwa. Upo leo, wakati unacheka na wenzako na kupanda ngazi bila shida.

Fikiria kidonda mguuni. Mtu akikugusa goti huna habari, ila akigusa penye kidonda, hata kwa unyoya, unaruka. Mirija iliyovimba ndivyo ilivyo. Moshi wa sigiri ambao jirani hata hausikii, vumbi la barabara ya murramu mwezi wa Januari, takataka zinazochomwa nyuma ya nyumba, mafua ya kawaida, manukato ya mtu aliyekaa mbele yako kwenye taksi: vyote hivyo vinagusa penye kidonda, na kifua kinaruka.

Kinaporuka, misuli inayozunguka mirija hujikaza kama mkono unaobana mpira wa maji. Ngozi ya ndani huvimba zaidi. Ute mzito hujaa katika nafasi ndogo iliyobaki. Hapo ndipo unasikia ile filimbi, hasa pumzi inapotoka, kwa sababu kazi kubwa ya mwenye pumu ni kuitoa hewa ya zamani ili mpya ipate pa kuingia.

Tofauti ya mwendo wa mambo hayo ndiyo inayoeleza kila kitu kinachofuata. Misuli hujikaza kwa dakika chache, na hulegea kwa dakika chache ikipata dawa. Uvimbe hujengeka siku baada ya siku, nao hupungua siku baada ya siku. Hakuna dawa ya kuvuta inayoondoa uvimbe wa wiki tatu kwa mvuto mmoja.

Ugonjwa huu si wa watu wachache. Utafiti wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba kati ya vijana na watu wazima 100 nchini, takriban 11 wana pumu. Mjini walikuwa kama 13, kijijini kama 9. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka huo wa 2019 pumu iliwagusa watu milioni 262 duniani na kuua watu 455,000, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Idadi hiyo ya vifo inaniuma kwa sababu dawa za kuzuia vingi vyake zipo, na zimekuwepo kwa zaidi ya miaka hamsini.

Kusukuma lori na kuchimba mtaro

Anayesafiri West Nile, eneo lenye mji wa Arua, wakati wa mvua anajua lori linavyozama kwenye matope. Vijana wa kijiji huja, husukuma, lori hutoka, dereva hulipa kidogo na safari huendelea. Kesho lori jingine linazama pale pale. Barabara haijatengenezwa, kilichofanyika ni kulitoa lori. Kuchimba mtaro wa kupitisha maji ni kazi nyingine. Haina shangwe, hufanywa jua likiwaka, na anayepita siku hiyo anaweza kuuliza mnachimba nini wakati barabara ni kavu.

Inhela ya bluu ndiyo wale vijana. Ndani yake mna salbutamoli, dawa iliyoingia sokoni mwaka 1969, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Ventolin. Hulegeza misuli ndani ya dakika tano hivi, na nguvu yake hudumu saa nne hadi sita. Tuiite dawa ya kufungua. Uvimbe haiugusi.

Inhela ya kahawia ndiyo mtaro. Mara nyingi ndani yake mna beklometasoni au ndugu yake budesonaidi, dawa za jamii ya steroidi zinazotuliza uvimbe. Tuiite dawa ya kuzuia. Ukiivuta leo, usitarajie kuhisi chochote leo. Nafuu huanza kuonekana baada ya siku kadhaa au wiki moja mbili, na nguvu yake kamili inaweza kuchukua miezi. Ukiiacha, uvimbe hurudi polepole vile vile, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika: wanaacha, wiki mbili zinapita salama, wanasema "unaona, sikuihitaji", halafu mafua yanaingia nyumbani na wanajikuta wodini.

Rangi zisikutawale. Viwanda ni vingi, na kuna dawa za kuzuia zinazokuja katika makopo mekundu, ya machungwa au ya zambarau. Soma jina lililoandikwa, au mwombe muuza dawa akuambie kwa maneno mawili tu: hii inafungua au inazuia?

Siku hizi ipo pia inhela inayobeba dawa mbili pamoja, budesonaidi na formoteroli. Formoteroli hufungua kwa haraka na hudumu muda mrefu, kwa hiyo daktari anaweza kumwambia mgonjwa atumie kopo hilo moja kila siku na pia anapobanwa. Hiyo ni kwa mchanganyiko huo na kwa maelekezo ya daktari. Ipo michanganyiko mingine ya kila siku ambayo hufungua kwa kuchelewa, na kuitegemea usiku wa kubanwa ni hatari.

Kwa nini ya bluu peke yake haitoshi

Hapa ndipo mambo yalipobadilika, na habari hazijafika kila mahali. Kwa miaka mingi mtu mwenye pumu nyepesi alipewa salbutamoli tu na kuambiwa aivute akibanwa. Mwaka 2019 jopo la kimataifa linalotoa mwongozo wa pumu, GINA, liliacha kupendekeza kwamba watu wazima na vijana kuanzia miaka 12 watibiwe kwa dawa ya kufungua peke yake. Sababu ni ile ile ya lori. Mgonjwa anapata nafuu ya haraka, anaamini amepona, huku uvimbe unaendelea kukua chini kwa chini. Siku moja anavuta ya bluu mara kumi na haifungui kitu, kwa sababu kilichoziba sasa ni uvimbe na ute, si misuli tu.

Hesabu makopo. Mtu anayemaliza matatu au zaidi ya salbutamoli kwa mwaka yuko katika hatari kubwa zaidi ya shambulio kali. Anayefikia kumi na mawili, yaani moja kila mwezi, hatari yake ya kufa kwa pumu imepanda. Mjomba alikuwa anamaliza moja kila wiki tatu, na duka la dawa lilimuuzia kila mara bila swali.

Kujua kama pumu yako imetulia hakuhitaji mashine. Angalia wiki nne zilizopita. Je, kifua kilikusumbua mchana zaidi ya mara mbili kwa wiki? Kuna usiku ulioamka kwa kukohoa au kubanwa? Ulihitaji dawa ya kufungua zaidi ya mara mbili kwa wiki? Kuna kazi, safari au mchezo ulioacha kwa sababu ya pumzi? Jibu la "ndiyo" hata moja linatosha kukurudisha kwa daktari. Wengi wetu tumezoea kuamka usiku kukohoa mpaka tunadhani ndivyo usiku ulivyo.

Maneno ninayoyasikia

"Inhela inazoesha, ukianza huachi." Hili ndilo kubwa kuliko yote. Wazazi wengi humnyima mtoto inhela kwa hofu hii, wakampa dawa ya maji ya kikohozi chupa baada ya chupa. Uraibu ni mwili kudai kitu kwa sababu umekizoea. Mwenye pumu akiacha dawa ya kuzuia, kinachorudi ni ugonjwa wake mwenyewe, kama shinikizo la damu linavyorudi kwa anayeacha vidonge. Tena dozi si ya milele. Pumu ikitulia kwa miezi mitatu hivi, daktari anaweza kuipunguza ngazi kwa ngazi, akitafuta kiasi kidogo kinachotosha kukuweka salama. Kupunguza kwa mpango ni jambo moja, kuacha siku unayojisikia vizuri ni jingine.

"Steroidi zitaniharibu." Hofu hii ina mzizi wa kweli, ndiyo maana inastahili jibu la kweli. Steroidi za pumu si zile za wanaojaza misuli, hizo ni jamii nyingine kabisa. Zina undugu na zile za baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi na vidonge vya prednisoloni, ambavyo vikitumiwa muda mrefu vinaweza kuvimbisha uso, kupandisha sukari na kudhoofisha mifupa. Lakini tupime. Mtu mzima aliyebanwa vibaya hupewa prednisoloni pengine miligramu 40 kwa siku, siku tano, jumla miligramu 200. Anayevuta maikrogramu 400 za dawa ya kuzuia kwa siku angehitaji siku 500 kufikia uzito huo. Dawa hizi hazilingani nguvu gramu kwa gramu, lakini uwiano unaonyesha jambo: ya kuvuta ni kidogo kwa sababu inakwenda moja kwa moja penye kidonda, wakati kidonge kinazunguka mwili mzima kutafuta mapafu. Na anayetumia ya kuvuta vizuri ndiye anayeepuka kozi za prednisoloni. Madhara ya kawaida ya inhela hiyo ni utando mweupe mdomoni na sauti kukwaruza. Sukutua kwa maji na uteme kila baada ya kuvuta, au vuta kabla ya kupiga mswaki.

"Vidonge vina nguvu kuliko hewa ile." Vidonge vya salbutamoli vimejaa katika maduka yetu ya dawa, na vinanunuliwa kama njugu. Kidonge cha miligramu 4 kina uzito wa dawa sawa na mivuto 40 ya maikrogramu 100. Pamoja na wingi wote huo kinachelewa kufanya kazi, kisha mikono inatetemeka na moyo unadunda, kwa sababu sehemu kubwa ya dawa imekwenda mahali ambapo haikuitwa. Mimi naona ni jambo la kusikitisha kwamba mgonjwa anaweza kukosa dawa ya kuzuia katika kituo cha afya cha serikali, ingawa mwongozo wa tiba wa Wizara ya Afya unaitaja, huku vidonge hivyo akivipata kila kona.

"Pumu ni ya watoto, itaisha." Wapo ambao dalili hupungua wakibalehe, na wapo ambao hurudi ukubwani. Hakuna wa kukuahidi uko kundi gani, na wakati mnasubiri, mapafu ya mtoto yanahitaji kupumua. Haiambukizi pia. Mtoto mwenye pumu anaweza kulala na ndugu zake na kunywa kikombe kimoja nao.

Wajawazito huniuliza kama waache. Wasiache. Dawa hizi za kuvuta zimetumika sana katika ujauzito, na hatari kubwa kwa mtoto tumboni ni mama kukosa hewa.

Na Ramadhani? Wanazuoni wamehitilafiana kama inhela inabatilisha saumu. Muulize shehe unayemwamini, ila ujue kwanza kwamba dawa ya kuzuia kwa kawaida huvutwa mara moja au mbili kwa siku, hivyo inaingia vizuri kwenye daku na futari bila kugusa mchana. Anayebanwa mchana asingoje magharibi. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine.

Kuvuta ni ufundi

Dawa nzuri inayoishia ulimini ni fedha iliyotupwa. Nimeomba watu wengi wanionyeshe wanavyovuta, na wengi hubonyeza kwanza, wakavuta baadaye, ukaona moshi mweupe ukitoka puani.

Kwa kopo la kubonyeza: tikisa, toa pumzi yote taratibu, weka mdomo wa inhela kati ya meno na ufunge midomo, anza kuvuta polepole na hapo hapo ubonyeze mara moja, endelea kuvuta mpaka kifua kijae, kisha zuia pumzi ukihesabu hadi kumi. Subiri nusu dakika kabla ya mvuto wa pili. Inhela za unga ni kinyume: hizo huvutwa kwa nguvu na kwa haraka.

Ukishindwa kuoanisha kidole na pumzi, na watoto wadogo hushindwa, tumia spesa, yaani chombo kinachokaa kati ya inhela na mdomo, dawa ikaelea humo nawe ukaivuta kwa utulivu. Za dukani ni ghali, lakini mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita iliwasaidia watoto waliobanwa sawa na spesa ya kiwandani. Chupa ile ile ya maji unayonunua stendi. Osha kwa sabuni, iache ikauke yenyewe. Toboa kitako tundu linaloshika mdomo wa inhela barabara, ziba mwanya kwa utepe. Midomo ishike shingo ya chupa, bonyeza mara moja, vuta na kutoa pumzi mara tano au sita humo humo. Mtoto mdogo asiyeweza kushika chupa kwa midomo anahitaji yenye barakoa.

Makopo mengi yana mivuto 200. Kama unavuta miwili asubuhi na miwili jioni, ni siku 50. Andika tarehe ya kumaliza kwenye kopo kwa kalamu ya wino mzito siku unayolifungua. Usilitikise kupima kilichobaki wala usilitumbukize majini, maana gesi hubaki ikisikika hata dawa ikiwa imekwisha.

Mpangilio huu wote hauondoi dharura. Mtu anayeshindwa kumaliza sentensi, anayevuta mbavu ndani kila pumzi, midomo ikibadilika kuwa ya buluu, au filimbi ikinyamaza ghafla huku anahangaika, ni wa hospitali sasa hivi. Mpe dawa ya kufungua kupitia spesa, mvuto mmoja baada ya mwingine, minne hadi kumi, na urudie kila dakika 20 mkiwa njiani. Mkalishe wima. Boda iliyoko nje ni bora kuliko gari mnalolisubiri, mradi akae kati ya dereva na mtu wa kumshika.

Mjomba aliitoa ile ya kahawia kwenye kasha baada ya mazungumzo marefu, nikiwa Arua kwa msiba. Tulitengeneza chupa pamoja mezani, shangazi akakata tundu kwa msumari wa moto. Anaiweka kando ya mswaki. Mwezi wa tatu nilimpigia kumuuliza ya bluu ameitumia mara ngapi wiki hiyo. Akanyamaza kidogo, akaniambia hakumbuki hata aliiweka wapi. Nilimwomba asikate simu mpaka aipate. Ilikuwa chini ya jora la kitenge, na niliposikia amebonyeza mara moja hewani kuijaribu, nikamwambia aitie mfuko wa shati.